Fedha za Kisima Zimeliwa: mwongozo wa kuandaa igizo la kesi ya kashfa ya gazeti

Ukiandaa igizo la kesi ya mauaji, maiti anakurahisishia kazi. Kila mtu ukumbini anajua kilichotokea, kilichobaki ni nani kafanya. Kesi ya kashfa ya gazeti, yaani mtu kulishtaki gazeti kwamba limemchafulia jina, haina maiti. Kuna karatasi, kuna neno, na kuna watu wawili wasioelewana neno hilo lina maana gani. Ndiyo maana igizo la namna hii huchosha upesi likiandaliwa ovyo. Likikaa sawa, watu huondoka wakibishana mpaka ndani ya daladala.

Haya ninayoandika nimeyapata kwa kuandaa igizo moja na kikundi chetu cha mtaani hapa Tanga, watu kumi na wawili, wengi wao hawajawahi kupanda jukwaani kabla. Nitalitumia kama mfano mwanzo hadi mwisho.

1. Tafuteni neno kabla ya hadithi

Tulianza vibaya. Wiki mbili nzima tulikuwa na mabilioni, waziri, na kontena lililopotea bandarini. Rasimu ikafika kurasa arobaini. Siku moja mama mmoja wa kikundi, muuza vitumbua na ndiye mwigizaji wetu bora, akauliza: "Jamani, mnisamehe. Hilo neno lililomkera huyu bwana mpaka akaenda mahakamani ni lipi hasa?" Tukatazamana. Rasimu ile iliishia kufungia vitumbua.

Tukaanza upya na sentensi moja tu, kichwa cha habari ukurasa wa mbele: FEDHA ZA KISIMA ZIMELIWA. Pembeni yake picha ya mwenyekiti wa kamati ya maji, kapigwa akiwa harusini, mkono uko njiani kuelekea mdomoni, sahani ya pilau mbele yake.

Tazama neno hilo linavyofanya kazi. "Zimeliwa" haisemi nani kala. Kiswahili kinakuruhusu kumtaja mlaji, na kinakuruhusu kumwacha gizani. Wakili wa gazeti atajenga nyumba yake juu ya ukimya huo: hatukumtaja mtu, Mheshimiwa. Wakili wa mwenyekiti atainua picha ya pilau. Halafu kuna maana yenyewe. Fedha huliwa na mwizi, lakini pia huliwa na dizeli ya mashine, na fundi aliyerudi mara tatu, na mawe yaliyovunja patasi. Kwa hiyo neno moja limeshatupa hoja mbili za kugombania, na mtoto wa darasa la tano anazielewa zote.

Nanyi tafuteni la kwenu. Lijaribuni hivi: mwambieni mtu asiyehusika, kisha muulize ameelewa nini. Wakipatikana watu watatu wenye majibu matatu, mmepata igizo. Na kesi iwe ndogo. Kwetu kila kaya ilichanga Sh 5,000 kwa ajili ya kisima. Mtazamaji aliyewahi kuchangishwa hahitaji kuelezwa maumivu yake, ila mabilioni ya waziri hayana uso.

2. Jueni sheria kidogo, ile inayobeba mchezo

Mdai ana mambo matatu ya kuonyesha: kwamba maneno yalichapishwa na kuwafikia watu wengine, kwamba yanamhusu yeye, na kwamba yanamshushia hadhi machoni pa watu wa kawaida wenye akili timamu. Akishavuka hapo, mzigo unahamia upande wa pili. Hatakiwi yeye kuthibitisha kwamba hajaiba. Gazeti ndilo litakalothibitisha kwamba lilichoandika ni kweli, au kwamba yalikuwa maoni ya haki juu ya jambo la umma, au kwamba liliripoti jambo lenye kinga, kama yaliyosemwa bungeni.

Msivuke hapa haraka, kwa sababu huu ndio moyo wa igizo zima. Mwandishi anaweza kuwa anajua kabisa kwamba hela zimeibwa, aliyemwambia akawa mtu mkweli, na bado mbele ya hakimu akawa hana cha kushika mkononi. Mtoa habari wake amemwomba asimtaje. Akimtaja, anamharibia maisha. Asipomtaja, gazeti linaanguka. Mwandishi akae na hilo jukwaani kwa muda, msimwokoe mapema.

Iwe kesi ya madai, si ya jinai. Tanzania Bara, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilikuwa imeifanya kashfa kuwa kosa la jinai, marekebisho ya 2023 yakaliondoa. Kenya, Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya vilevile, mwezi Februari 2017. Mkimtia mwandishi pingu kwa kashfa katika igizo la siku hizi, mwanasheria akiwepo ukumbini atacheka pasipo kicheko. Kama mnazitaka pingu, ziendeeni kwenye kesi za kweli. Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso, alihukumiwa miezi 12 jela mwaka 2012 kwa makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka. Shauri lake likafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, nayo tarehe 5 Desemba 2014 ikaamua kwamba kifungo kile kilivunja uhuru wake wa kujieleza. Au rudini New York ya 1735, kwa mchapishaji John Peter Zenger aliyewekwa mahabusu kwa sababu gazeti lake lilimsakama gavana William Cosby. Simulizi ya kesi ile ilichapishwa 1736, kwa hiyo hakuna wa kuwadai hakimiliki. Sisi tulibaki na kisima.

Na wanaoshtakiwa wasiwe mmoja. Mdai huwashtaki mwandishi, mhariri na kampuni ya gazeti kwa pamoja, wote watatu wanakaa benchi moja na pengine wakili mmoja. Hapo pana utajiri. Watu wa magazeti wanajua kwamba mara nyingi aliyeandika habari siye aliyeandika kichwa cha habari. Mwandishi wetu alipeleka habari yenye kichwa "Ujenzi wa kisima wakwama". Mhariri ndiye aliyeipa pilau. Sasa wamekaa bega kwa bega mbele ya hakimu, na hakuna anayemtazama mwenzake.

3. Majina, kabla hamjajikuta nyinyi ndio washtakiwa

Igizo kuhusu kashfa linaweza lenyewe kuwa kashfa. Mwenyekiti wetu wa kwanza tulimpa jina la kawaida kabisa la huku pwani, na kisima tukakiweka nyuma ya msikiti. Siku ya tatu ya mazoezi akaja mzee mmoja, akavuta kiti mbele, akakunja mikono. Tukampa shikamoo, akaitikia taratibu. Alitazama mpaka mwisho, kisha akasema: "Wanangu, nimekula nini mimi?" Kumbe ana jina lilelile, na anaongoza kamati ya maji mitaa miwili kutoka hapo, na msikiti upo.

Tulimwomba radhi, na tangu siku hiyo wahusika wetu hawana majina: Mwenyekiti, Mwandishi, Mhariri, Muuza Kahawa. Msijidanganye na lile tangazo la "hadithi hii ni ya kubuni". Kama mtaa mzima unamtambua mtu, kutomtaja jina hakuwasaidii. Gazeti letu la kwenye igizo nalo halikumtaja mtu, na linashtakiwa.

4. Nendeni mahakamani mkakae kimya

Kesi nyingi husikilizwa wazi. Chagueni Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi iliyo karibu, mwende watatu watatu, simu zimezimwa, hakuna kupiga picha. Asubuhi moja ya pale inawafaa kuliko mwezi wa kutazama filamu, kwa sababu filamu nyingi tunazoziona ni za Marekani na zinaharibu waigizaji. Ile nyundo ya mbao tuliyozoea kuiona kwenye runinga iacheni hukohuko. Na kesi ya kashfa kwetu haiamuliwi na jopo la wananchi kumi na wawili, hakimu anaamua peke yake, kwa hiyo wakili asigeuke kuwahutubia watazamaji.

Kitu kilichobadilisha igizo letu tulikiona huko, nacho ni kalamu. Hakimu anaandika ushahidi. Shahidi akishika kasi, wakili anamwekea kiganja: subiri, Mheshimiwa anaandika. Chumba kinatulia. Unasikia feni, na kalamu. Shahidi amebaki na nusu ya sentensi mdomoni, na katika zile sekunde kumi anaanza kuyafikiria aliyokwisha kuyasema. Hakuna mwandishi wa tamthilia angewapa kimya kizuri kama hicho, na ni cha bure. Hakimu wetu tulimpa daftari kubwa la jalada gumu na kalamu ya wino, na akaruhusiwa kuandika kwa kweli. Muuza Kahawa anapotamka "sote pale kijiweni tulijua kala", tunasimamisha kila kitu mpaka sentensi iishe kuandikwa.

Mengine ya kunakili: yule anayetangaza "Koorti!" na watu wote kusimama, mawakili kuinamisha kichwa. Shahidi kutaja jina, umri, makazi, kazi na dini, kisha kuapa kwa kitabu cha dini yake. Wakili mmoja tu kusimama kwa wakati mmoja: mwenzake akiinuka kuweka pingamizi, wa kwanza anakaa. Kanuni hiyo peke yake inapanga mwendo wa jukwaa lenu lote. Na adabu. Mawakili wanapigana kwa "kwa heshima zote" na "msomi mwenzangu". Kijana wetu aliyecheza wakili wa gazeti alikuwa akibweka. Alipojifunza kusema "sina swali la ziada, Mheshimiwa" kwa sauti ya chini na kukaa, ndipo watu wakaanza kumwogopa.

Lugha haina tatizo tena. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama Tanzania, kwa hiyo msichanganye Kiingereza cha kujionyesha. Tumieni maneno yenyewe: hati ya madai, kielelezo, pingamizi, maswali ya dodoso (yale shahidi anayoulizwa na wakili wa upande wa pili), fidia.

5. Mashahidi wanne wanatosha

Sisi tulikuwa nao hivi. Mwenyekiti mwenyewe, anayeeleza siku gazeti lilipotoka: mke wake alirudi sokoni kikapu kitupu kwa sababu alishindwa kusimama. Muuza Kahawa, Mwandishi, na Mhariri.

Muuza Kahawa ndiye shahidi mkubwa kuliko wote. Swali la kisheria ni mtu wa kawaida alielewa nini, sasa mtu wa kawaida ni nani kama si yule anayemimina kahawa huku wateja wakisoma vichwa vya habari bila kununua gazeti? Mpeni birika na vikombe nje ya mahakama, onyesho la kwanza kabisa, habari isomwe pale, kashata ikitafunwa. Anapokuja kizimbani baadaye, watazamaji walikuwepo naye kijiweni. Wanajua anasema kweli, na wanajua pia kwamba siku ile alicheka.

Wakili anayemwongoza shahidi wake mwenyewe haruhusiwi maswali elekezi. Hatakiwi kuuliza "ulielewa kwamba Mwenyekiti ni mwizi, sivyo?" Anauliza "ulielewa nini?" na kungoja. Katika dodoso ni kinyume, anaruhusiwa kusukuma. Wafundisheni waigizaji tofauti hiyo, itawapa midundo miwili tofauti bila kupandisha sauti.

Dodoso moja liwe kubwa, mengine mafupi. Letu tuliliazima kutoka kwenye kesi maarufu ya New York ya 1954, Quentin Reynolds dhidi ya Westbrook Pegler, waandishi wote wawili. Wakili wa Reynolds, Louis Nizer, alimsomea Pegler vipande vya maandishi bila kumwambia ni vya nani, Pegler akavilaani kuwa ni propaganda ya Kikomunisti, kisha akaonyeshwa kwamba aliyeviandika ni yeye mwenyewe. Reynolds alipewa fidia ya dola 1 kwa hasara, na dola 175,000 juu yake kama adhabu kwa waliomkashifu.

Kwetu ikawa hivi. Mwandishi ameshasema kwamba "kuliwa" ni kutumika tu, kwisha. Wakili wa Mwenyekiti anatoa karatasi iliyokunjwa.

"Nikusomee. 'Hela za ushirika ziliwe na watu wachache, wanachama wabaki na madeni?' Huyu aliyeandika, kwa maoni yako, ana maana gani anaposema ziliwe?"

"Ziibiwe."

"Una hakika?"

"Hapo haina tafsiri nyingine."

"Msomee Mheshimiwa jina la mwandishi."

Kalamu ya hakimu inaandika. Mwandishi anaitazama karatasi ambayo ameshaitambua kwa herufi zake za gazeti. Tulizoea kuacha hapo kimya kirefu kuliko kinavyovumilika, na kila mara kuna mtu nyuma aliyeguna.

6. Kabla ya hukumu

Kesi za madai hupitia usuluhishi kwanza. Tumieni nafasi hiyo. Chumba kidogo, meza, Mwenyekiti na Mhariri bila majoho wala watu. Mhariri anakubali kuomba radhi, lakini ukurasa wa kumi na moja, chini, karibu na matangazo ya vifo. "Mlinitukana ukurasa wa kwanza," anasema Mwenyekiti, "mniombe radhi palepale." Imevunjika. Dakika nne tu, lakini baada ya hapo hakuna anayeuliza kwa nini hawakuelewana nyumbani.

Mashahidi wakiisha, simamisheni mchezo. Mwezeshaji ashuke kwa watu awaulize wangeamua vipi na kwa nini. Dakika kumi na tano, si zaidi, maana wapo wanaokuja na hotuba. Lakini msiipigie hukumu kura. Andikeni moja na muisimamie. Yetu: maneno yalimhusu Mwenyekiti, yalimshushia hadhi, na gazeti limeshindwa kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyekula. Fidia ndogo. Ila katika vielelezo daftari la mweka hazina limeonyesha mashimo, na hakimu anasema hayo siyo aliyoombwa kuyaamua. Wanatoka, wanapeana mikono. Akina mama wawili wanapita na ndoo tupu, kwa sababu kisima hakuna.

7. Vibali, saa, mavazi

Haya ya haraka. Anzeni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri mkiwa na andiko mkononi. Michezo ya jukwaani inaguswa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na yeye atawaelekeza mlango wa kugonga. Pelekeni barua serikali ya mtaa mapema. Mpateni wakili au msaidizi wa kisheria asome andiko, wako wanaokubali kwa soda. Mavazi ni suti nyeusi na mashati meupe ya kuazima. Kizimba ni meza ya shule iliyogeuzwa ubavu. Tulianza saa kumi jioni ili adhana ya magharibi itukute tumemaliza na umeme ukikatika usituhusu.

8. Gazeti lenyewe

Chapeni gazeti la kweli, karatasi ya A3 iliyokunjwa, nyeusi na nyeupe, stationery yoyote inaweza. Habari ya kisima iandikwe yote hadi mwisho, kwa sababu mawakili watainukuu. Jazeni na tangazo la mganga, ratiba ya ligi, na utabiri wa nyota. Gaweni mlangoni, moja kwa watu wawili. Tulichapa arobaini. Watu walikaa wakisoma, wakacheka ile pilau, wakaulizana ni nani huyu. Igizo halijaanza, na maneno yameshachapishwa, yamewafikia watu wengine, na mtu ameshashushiwa hadhi. Wakili wa mdai anapowauliza "kuna asiyeiona picha hii?" ukumbi mzima umeshikilia kielelezo.

Sasa sikieni. Baada ya onyesho la kwanza tulikusanya nakala thelathini na moja. Tisa zilitembea. Kufika kesho yake saa mbili asubuhi picha ya ukurasa wa mbele iko kwenye makundi ya WhatsApp, imekatwa vizuri, na mwigizaji wetu wa Mwenyekiti, kinyozi, amepigiwa simu na mama mkwe wake kutoka Korogwe kumuuliza kisima gani. Wateja wawili waliahirisha kunyolewa. Kwa hiyo: gongeni muhuri mkubwa wa neno IGIZO katikati ya picha, si pembeni ambako panakatika. Andikeni namba juu ya kila nakala. Na mtu mmoja asimame mlangoni watu wanapotoka, akizihesabu hadi ya arobaini.